Baba wa Makufuli Saba

Dole, 4 Oktoba 1953

Mwanangu Huguette,

Naanza na salamu, kwa sababu adabu ni adabu hata mtu akiwa na kinyongo. Hujambo huko milimani? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Mimi ni mzima, nashukuru, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za jukwaa, na paka wako hanitazami usoni. Philomène anakusalimu kutoka shimoni mwake chini ya jukwaa. Amezeeka mle chini ya kifuniko akitunong'onezea maneno tukisahau, na juzi kaniambia kwamba tangu uondoke hasikii raha ya kunong'ona.

Haya, tumeshasalimiana. Sasa nijibu. Binti wa Célestin Vauchier, uliyelala kwenye kikapu cha mavazi kabla hujajua kutambaa, unaondokaje nyumbani na sanduku moja, mchana kweupe, kumfuata mtengeneza jibini?

Sina ugomvi na jibini. Jibini naila. Ninayemkataa ni huyo Aurélien Jeannerod, na sababu zangu unazijua. Kwanza, alitamka lile neno. Nilimkaribisha nyuma ya pazia kwa heshima zote, nikamwonyesha kuta zetu za turubai, naye akanyoosha kidole juu na kusema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "Mzee, …… hii imechakaa!" Nafasi nimeiacha makusudi. Hata kwenye karatasi siliandiki. Sisi watu wa jukwaa kitu hicho tunakifunga, tunakifungua, tunaning'iniza nacho mawingu na ngome nzima, lakini jina lake halitajwi chini ya paa la ukumbi, maana huleta mkosi. Wenzangu wote walikufa ganzi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi hicho kitu mguuni, lakini huyu wako alikuja nacho mdomoni.

Pili, na hili ndilo kubwa, hakucheka. Nilimpa kiti cha mstari wa tatu. Dada yake padri ilibidi atolewe nje apewe maji kwa kucheka, na yeye amekaa tu kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikukumbushe mchezo wenyewe, maana naona hewa ya milimani imekusahaulisha: mzee Verroulin, ninayemcheza mimi, anamfungia binti yake kwa makufuli saba asiolewe na kijana anayempenda, kijana anajigeuza fundi, na mzee kwa ujinga wake anamwajiri huyohuyo amtengenezee kufuli la saba! Watu wamelicheka hilo tangu enzi za wafalme. Mtu asiyelicheka ana jambo analolificha, au hana kitu kabisa ndani. Sijui lipi ni baya zaidi.

Binti mpya aliyechukua nafasi yako jukwaani anasimama kama ufagio. Mchana, kabla ya mazoezi, mimi hukaa peke yangu ukumbini. Mwanga unashuka kutoka kidirisha cha juu, vumbi linaelea polepole, na mara nyingine nadhani nasikia viatu vyako vinakuja upande wa kushoto. Nageuka, ni mfereji wa watengeneza ngozi unapita nje. Rudi, mama. Nafasi yako ipo.

Baba yako


La Combe-aux-Grives, 13 Oktoba 1953

Baba mpenzi,

Shikamoo Baba. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa sauti yako, hata mkono niliuinua mahali pa kuinua. Kifua changu kizuri kabisa. Hapa hewa ni kali lakini safi. Goti lako lipake yale mafuta ya mama, yako kwenye droo ya chini, si ya juu. Paka mpe maziwa, usimpe hotuba. Na Philomène mbusu mashavu yote mawili.

Kamba, Baba. Nimeiandika mimi, basi mkosi uje kwangu. Aurélien aliona kamba imechakaa, imening'iniza ukuta, na chini ya ukuta kuna mimi. Angefanyaje, apige mluzi?

Usiwe na wasiwasi kuhusu heshima yangu. Nalala kwa shangazi yake, Bi Clotilde, ambaye ameweka kitanda chake mlangoni pangu na anakoroma kwa sauti ya kijeshi. Verroulin mwenyewe angemwonea wivu. Mchana nasaidia kwenye ghala la jibini. Ungelipenda, Baba. Ni refu na lenye giza, mawe matupu, na jibini zimelala safu kwa safu kwenye mbao, duara kubwa kama magurudumu. Aurélien anapita na nyundo ndogo, anagonga moja, anainamisha sikio asikie kama imeiva, anasubiri. Kisha ya pili. Mimi nasimama na taa, na ukimya ni ule wa kabla pazia halijafunguka, pale fimbo inapogonga sakafu mara tatu na watu wote wanashika pumzi. Siku nyingine nasahau niko wapi, nangoja zamu yangu ya kusema.

Sasa nakuja kwenye ombi. Tunataka kufunga ndoa kabla ya Kwaresima. Meya wa hapa ni mtu mwema lakini ameshika sheria: sijafikisha miaka ishirini na moja, kwa hiyo lazima baba yangu aridhie, asimame mbele yake atamke. Juni nitafikisha. Juni sitahitaji ruhusa ya mtu yeyote, hilo unalijua na mimi nalijua. Lakini sitaki kuolewa kama mtu aliyemshinda baba yake, Baba. Nataka uje useme ndiyo. Ni neno dogo. Umewahi kukariri makubwa zaidi.

Na nikuulize, kwa heshima yote ya mtoto kwa mzazi: unapoandika kwamba binti ametoroka na kijana hafai, hujisikii unavyosikika? Wahenga walisema nyani haoni... namalizia moyoni, wewe ni baba yangu.

Mimi mwanao


Dole, 9 Novemba 1953

Huguette,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Mafuta niliyaona, nashukuru.

Jibu ni hapana.

Na usinifananishe na Verroulin. Verroulin ni kikaragosi. Mimi ni msanii ninayemcheza kikaragosi, na kati yetu pana umbali wa bahari. Yeye anafungia binti. Mimi nimemfungia nani? Uliondoka kwa mlango wa mbele!

Habari njema ni kwamba ukumbi unajaa. Jumapili mbili mfululizo watu wamekosa viti, wengine wamesimama kwenye ngazi na kofia mkononi. Bwana Loriot, kiongozi wetu, ambaye unajua hata kutabasamu hutabasamu kwa mkopo, alinikumbatia mbele ya kundi zima. Na wanacheka, Huguette! Wanacheka mahali ambapo hapajawahi kuchekwa. Pale ninaposema, "Binti yangu hatatoka humu nikiwa hai!" ambapo siku zote walikohoa tu, sasa ukumbi unapasuka mpaka nangoja na mkono hewani. Pale ninapohesabu makufuli wanahesabu nami.

Nilikuwa nawaza haya juzi nikitembea kando ya mfereji, ukungu umekaa juu ya maji na nyumba za ng'ambo hazionekani, ila madirisha yake tu yanaelea. Wafalme wamekatwa vichwa. Vita vimepita juu ya mapaa yetu mara mbili katika uhai wangu. Yule aliyeandika mchezo huu hata kaburi lake halijulikani. Lakini mzee mpumbavu na makufuli yake yupo, anavaa soksi zake kila Jumapili, na watu wanakuja. Nikasema, labda ni mimi. Labda hatimaye, nikiwa na goti bovu, nimekuwa mzuri.

Usiniombe tena hilo jambo. Rudi uone mafanikio ya baba yako.

Baba


La Combe-aux-Grives, 20 Novemba 1953

Baba,

Natumaini hii itakukuta mzima. Hapa theluji imeanza.

Sikutaka kukuambia, lakini barua yako imeniudhi na sasa nakuambia. Dereva wa lori anayekuja kuchukua jibini ni mtu wa Dole. Nilimuuliza habari za mjini, akaniambia, "Mama wee, watu wanajazana kwenda kumwona Vauchier! Si unajua binti yake kamkimbia? Basi anasimama pale jukwaani anaapa binti hatatoka, na binti yuko milimani anakula jibini! Mke wangu kaenda mara mbili." Hakujua mimi ni nani. Bi Clotilde alimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshamaliza.

Wanakucheka wewe, Baba. Si Verroulin. Wewe. Na Bwana Loriot anajua, ndiyo maana ya kukukumbatia.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Kisha nikakasirika, kwa sababu ungekuwa umesema ndiyo mwezi wa kumi, wasingekuwa na cha kucheka. Dereva ananisubiri nje aipeleke barua posta, kwa hiyo sitakisoma tena nilichoandika.

Mwanao


La Combe-aux-Grives, 10 Desemba 1953

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Goti? Kula unakula?

Sijapata neno lako tangu nilipoandika, na kila mpeleka barua akipita namtazama mikono kabla ya uso. Nilisema mambo kwa ukali usiomfaa mtoto kumwambia mzazi wake. Ningeweza kuyarudisha, ningeyarudisha, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Naomba unijibu hata mstari mmoja. Andika tu "paka mzima."

Mwanao anayekupenda


La Combe-aux-Grives, 28 Desemba 1953

Baba yangu,

Heri ya Noeli iliyopita, na Mungu akupe mwaka mwema. Nilimwandikia Philomène kwa siri, amenijibu kwamba u mzima, unacheza, na husemi na mtu. Basi nimeshukuru kwa hilo la kwanza.

Sikuandikii leo kukuomba. Nakuandikia kukueleza jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka juzi. Theluji ilikuwa imeziba barabara, hakuna mtu anakuja wala kuondoka, kijiji kizima kilikuwa kama kimefunikwa blanketi. Tulikaa jikoni tunamenya viazi, mimi na Aurélien na shangazi yake. Nikamuuliza, hivihivi tu.

"Hivi wewe, siku ile mchezoni kwa baba yangu, kwa nini hukucheka?"

Akaendelea kumenya. Unajua hasemi haraka huyu.

"Nilicheka mwanzoni," akasema. "Ndani kwa ndani. Yule kijana na makufuli yake, ilinifurahisha."

"Halafu?"

"Halafu mwisho ukafika. Wote wakaingia kula. Binti kaingia, yaya kaingia, fundi kaingia. Mzee kabaki nje na mafunguo yake. Sasa hapo, niambie, cha kuchekesha nini?"

Bi Clotilde akasema, "We naye! Si mchezo tu?"

"Najua ni mchezo, Shangazi. Siku ya harusi ya dada yangu, baba alikasirika akabaki zizini. Unakumbuka? Tukasema mwacheni, atakuja mwenyewe akisikia njaa. Tukala, tukacheza ngoma. Hakuja. Na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwita." Akaweka kiazi kwenye maji. "Nilikaa mstari wa tatu namtazama mzee wa Huguette, nikasema moyoni, mtu amwite huyu. Mtu yeyote. Nikaogopa kucheka, nikadhani atanisikia."

Bi Clotilde akawa anamenya kiazi kilichokwisha kumenywa. Mimi nilimtazama Aurélien nikagundua kwamba katika ukumbi ule wote, pamoja nami niliyekuwa jukwaani nikikimbilia mezani nikicheka, alikuwa yeye peke yake aliyekuona umebaki.

Ni hilo tu, Baba. Nilitaka ulijue, hata kama hutaandika tena.

Mwanao


Dole, 18 Januari 1954

Mwanangu Huguette,

Pokea salamu za baba yako, na umpe Bi Clotilde zake, umwambie namheshimu kama askari mwenzangu. Je, theluji imepungua? Paka mzima. Ameanza kulala kwenye vazi la Verroulin na namwacha.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na cha kuandika. Barua yako ya Novemba niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye ngazi, kisha jirani akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana. Jumapili ile nilipanda jukwaani na masikio mengine. Nilipotamka, "Binti yangu hatatoka humu," wakacheka, na safari hii nikasikia kicheko chenyewe kilivyo. Nikamwona mke wa mwoka mikate anamgonga mumewe kiwiko. Nikatamani sakafu inimeze, lakini sakafuni yuko Philomène.

Uchungu, mama, sikufichi. Nilifikiri kuacha. Nilimaliza mwezi mzima nikicheza kama mtu anayetembea usingizini. Narudi nyumbani napasha supu, naisahau, inapoa, naipasha tena. Naita jina lako kuuliza chumvi iko wapi.

Kisha ikaja hii ya viazi. Nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Jumapili iliyopita nilifika mwisho wa mchezo. Wote wakaingia kula, mlango wa turubai ukafungwa, nikabaki na mafunguo. Hapo unajua desturi yetu: natumbua macho, natupa mafunguo ndani ya shimo la Philomène, yeye anapiga kelele "Aa!", ukumbi unavunjika, pazia linashuka. Sikutumbua macho. Sikutupa kitu. Nilisimama tu, nikawatazama mmoja mmoja, nikitafuta mtu asiyecheka. Nilidhani nikimpata mmoja itanitosha.

Sikumpata, Huguette. Walikuwa wanacheka wote. Lakini nilikuwa sijawahi kuwatazama hivyo, kwa muda mrefu, bila kufanya kazi. Yule mzee Fumey, muuza kofia, ambaye mwanawe wa kiume alihamia Marseille na haandiki, alikuwa anacheka kuliko wengine huku anajifuta mashavu kwa kofia ya mteja. Mke wa mwoka mikate alikuwa ameacha kiwiko, amemshika mumewe mkono. Yule mwalimu wa shule aliyemfukuza binti yake kwa ajili ya mpiga kinanda, unamkumbuka? Alikuwa anacheka ameangalia viatu vyake. Nikaelewa kwamba walikuja kunicheka mimi, ni kweli, lakini hakuna aliyefika mwisho akiwa bado ananicheka mimi. Kila mmoja alikuwa na mzee wake nyumbani, au alikuwa ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana mchezo huu haufi. Si kwa uhodari wangu. Ni kwa kuwa kila nyumba, kila kizazi, bado inamzaa mtu mmoja anayedhani upendo hukaa nyuma ya kufuli, na watu wangekufa kwa hasira kama wasingepata mahali pa kukaa pamoja gizani wamcheke.

Kicheko kikapungua chenyewe, polepole, kama mvua inayoondoka. Kukawa kimya. Pazia likashuka kwenye kimya hicho.

Loriot alinivaa nyuma ya pazia mishipa ya shingo imemtoka. "Umeua kicheko! Umekiua! Watu wametoa pesa zao wacheke, wewe unawaombolezea?"

Kabla sijajibu, kichwa cha Philomène kikachomoza shimoni. "Mwache mwenzio, Loriot. Miaka yote humu naona soksi zake tu, leo nimeona mtu."

Sasa nisikilize. Mimi ni mwoga. Nyumba yetu ni kubwa, na tangu mama yako afe ulikuwa wewe tu uliyekuwa unaijaza. Huyo kijana angecheka kama mwehu ningetafuta sababu nyingine ya kumkataa. Ningesema anacheka kwa kelele. Sikumkataa kwa sababu ya kamba. Naam, nimeiandika.

Nitakuja. Mwambie meya wako apange siku. Lakini sikuahidi kitakachotoka kinywani mwangu nikisimama pale, maana hadi sasa nikijaribu kulitamka lile neno lako dogo, ndiyo, mbele ya kioo, linakwama. Nitakuja nimtazame huyo aliyetaka niitwe. Mengine tutayaona hukohuko.

Baba yako


Dole, 23 Februari 1954

Mwanangu, Mama Jeannerod mpya,

Nimefika salama. Treni ilikwenda polepole kwa ajili ya theluji na nililala njia nzima kifuani nimekumbatia jibini ya mkweo, au tuseme ya mkwe wangu, bado sijazoea maneno. Hujambo? Yeye hajambo? Mwambie nilionja, na kwamba naomba radhi kwa yote niliyosema huko kuhusu harufu yake.

Nina jambo linalonisumbua na ni wewe tu wa kunijibu. Siku yenyewe siikumbuki. Nakumbuka jiko la kuni katika chumba cha meya na masharubu ya meya. Nakumbuka theluji dirishani, inashuka taratibu, nikawa naifuata kipande kimoja kimoja. Baada ya hapo ni ukungu. Kisha naona tuko mezani, na kijana wako amekaa kando yangu, ananikatia nyama bila kuulizwa.

Katikati hapo nilisema nini? Na nilisemaje? Nimezunguka na swali hili nyumba nzima. Kwa sababu najijua. Nikiogopa, Verroulin hunishika mkono na kunisemea. Kama ni yeye aliyejibu, basi umeozeshwa na mtu wa turubai na rangi, na mimi baba yako sijakupa ridhaa bado, na itabidi nipande treni tena.

Nijibu kweli tupu. Usinionee huruma.

Baba yako


La Combe-aux-Grives, 1 Machi 1954

Baba mpenzi,

Shikamoo Baba. Sisi wazima, na wewe tunakuombea uzima. Aurélien anasema radhi imepokelewa, na Bi Clotilde anauliza kama askari mwenziwe anapenda soseji za moshi, maana ameshakufungia. Nimekuta tabasamu lake siku hizi linaniogopesha kidogo.

Umeomba kweli, basi hii hapa.

Meya alikuuliza, "Bwana Célestin Vauchier, je, umeridhia binti yako aolewe na huyu?" Ukafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Ile sauti inayofika mpaka kwa walioketi juu kabisa chini ya paa, Baba, haikutoka hata upepo. Ulikuwa unatazama dirisha. Watu wakaanza kutazamana. Nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona, "Mzee kakataa!" Aurélien akageuka mweupe kama maziwa yake, lakini hakukutazama kwa hasira, alikutazama kama siku ile ya mstari wa tatu. Meya akakohoa, akauliza mara ya pili. Kimya. Jiko linalia tu.

Nikakumbuka kwamba huna mtu shimoni. Nikakuinamia kidogo, midomo nimeibana kama Philomène, nikakunong'onezea: "Ndiyo, kwa moyo wote."

Basi ukapokea! Ulivuta pumzi, ukaweka mkono kifuani, ukasema "Ndiyo! Kwa moyo wote!" kwa nguvu iliyotikisa vioo, na mbwa wa meya akatoka chini ya meza akakimbilia nje. Kijiji hiki hakijawahi kuona jukwaa. Hawakujua la kufanya, wakapiga makofi. Na wewe ukainama, Baba. Ukainama mara mbili, kushoto na kulia. Meya naye akainama, maskini, akidhani ndiyo sheria.

Kwa hiyo naelewa swali lako. Ungeniuliza pale pale mezani, labda hata mimi ningesita. Maneno yalikuwa yangu, na sauti, nakubali, ilikuwa yake.

Lakini mimi nimekuwa binti wa Verroulin misimu miwili na namjua. Verroulin akimshika binti yake mkono, hushika ule ulio upande wa watu, na huuinua juu ili hata wa kiti cha mwisho auone. Wewe ulinishika ule wa upande wa ukuta, chini, nyuma ya koti lako, ambapo hakuna jicho lingefika. Ulinishika kabla meya hajauliza, na ulipokuwa unainama kushoto na kulia bado ulikuwa hujauachia. Ulinibana mpaka kanisani Aurélien alihangaika na pete, haikuwa inapita kwenye kidole kilichovimba.

Mimi mwanao,
Huguette